Marehemu, Nyamaza

Nilimwita mchumba wangu marehemu, mama yake akiwa amesimama hatua kumi tu kutoka pale, siku tano kabla ya wazee wao kuja kwetu kuposa. Nalisema hilo mwanzoni kabisa ili usije ukanionea huruma bure. Mdomo huu ni wangu, nimezaliwa nao, na mama yangu alishaniambia tangu niko darasa la pili kwamba utaniponza.

Lakini ngoja nikueleze ilivyokuwa.

Chuo chetu cha afya hufanya zoezi kubwa la dharura mara moja kwa mwaka, kwa ajili yetu sisi wa mwaka wa mwisho. Safari hii tuliambiwa jukwaa la uwanja wa mpira limeanguka na watu. Basi watu sitini walilazwa kwenye nyasi za chuo, katikati ya mabenchi yaliyopinduliwa makusudi na viti vya plastiki vilivyovunjika, wamepakwa rangi nyekundu ya kuchefua roho. Kila mmoja alivaa kadi shingoni inayosema ameumia wapi na anapumua mara ngapi kwa dakika. Wengine walipewa kazi ya kuwa ndugu wa majeruhi. Hao walisimama nyuma ya kamba, na kazi yao ilikuwa kulia, kudai kuingia na kutuchanganya akili.

Wote walikuwa watu wa kujitolea kutoka mitaa ya jirani. Mchumba wangu alikuja kwa sababu nilimbembeleza. Mama yake alikuja kwa hiari yake.

"Nataka nimwone mkwe wangu kazini," alisema wiki moja kabla, akicheka. "Nijue nikizeeka nitaangukia mikononi mwa nani."

Alinipenda, mama yule. Na mimi nilimpenda kabla hata sijampenda mwanawe sawasawa, kama kusema hivyo si aibu. Ni mshonaji wa sare za shule, mjane kwa miaka kumi na minane sasa, na sijawahi kumwona bila futi ya kupimia shingoni. Mwanawe anatengeneza friji. Mtaa mzima unamwita Fundi, nami namwita hivyohivyo, ingawa mimi nikimwita hugeuka haraka zaidi.

Mwalimu wetu wa dharura tulimpachika jina la Sekunde. Hakuna aliyemsikia mtu huyu akizungumza dakika nzima bila kutaja sekunde.

"Thelathini kwa kila majeruhi!" alikuwa anapiga kelele asubuhi ile, filimbi mkononi. "Leo hamtibu, leo mnapanga! Anayetembea?"

"Utepe wa kijani!"

"Anayeweza kusubiri?"

"Njano!"

"Asiyeweza kusubiri?"

"Mwekundu!"

"Umemfungulia njia ya hewa na bado hapumui?"

"Mweusi, na unapita!"

"Na unapita! Ukikaa hapo kumlilia, kuna watano watakufa nyuma yako. Anayetangulia leo ni nani?"

Ilikuwa ni mimi. Nilikuwa na tepe mkononi, makasi mfukoni, na kiburi kidogo kifuani, maana mama mkwe mtarajiwa alikuwa nyuma ya kamba akinipungia mkono kama mtoto aliyeletwa sherehe ya shule.

Filimbi ikalia. Uwanja ukaanza kuugua wote kwa pamoja. Nikaenda. Wa kwanza alikuwa na mguu uliovunjika na mdomo mzima, njano. Wa pili alikuwa anahema kama aliyekimbizwa, mwekundu. Wa tatu aliinuka akaniuliza choo kiko wapi, nikampa kijani na kumwonyesha.

Wa nne alikuwa Fundi.

Alikuwa amelala chali pembeni mwa benchi, miguu upande, mdomo wazi kidogo. Nikasoma kadi yake. Hapumui. Hakuna mabadiliko baada ya kufunguliwa njia ya hewa. Nikapiga magoti, nikainua kidevu chake, nikamgusa shingoni, nikaweka sikio karibu na mdomo wake huku nikitazama kifua, kama tulivyofundishwa. Bila shaka alikuwa anapumua, mhuni yule, na pumzi yake ikanitekenya sikio. Alinukia sabuni. Mwezi mzima tulikuwa hatujakaribiana namna ile, kwa sababu ya mitihani yangu, na moyo wangu ulidunda mpaka nikaona haya.

"Mpenzi," akaninong'oneza, jicho moja limefunguka, "niokoe. Nina mchumba mkali, nikifa bila ruhusa atanisema."

"Marehemu, nyamaza," nikamwambia.

Nikamfunga utepe mweusi mkononi, nikainuka, nikapita.

Sauti yangu si ya kunong'ona. Hata kanisani naambiwa nipunguze. Neno lile lilifika kwenye kamba bila kupungua, ila mimi sikuwaza hilo, kwa kuwa nyuma tu ya benchi lilelile alikuwa amelala mama wa duka la karibu na chuo, na kadi yake ilisema mshipa mkubwa wa paja umekatika, dakika tatu zimebaki. Nikamkaza mkanda juu ya jeraha kwa nguvu zangu zote, nikampa utepe mwekundu, nikaita machela.

Hapo ndipo nikasikia kelele.

"Umemwita nini? Umemwita nini mwanangu?"

Mama alikuwa ameivuka kamba. Futi yake ilianguka kwenye nyasi akaikanyaga. Alikimbia mpaka alipolala mwanawe, akamshika mashavu, akamtikisa, akageuka kunitafuta. "Unampita? Umemgusa shingo tu halafu unampita? Rudi hapa! Rudi umwangalie!"

Na sasa sikiliza jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka natamani ardhi ipasuke. Mwalimu Sekunde alipiga makofi.

"Safi sana!" akapaza sauti. "Mmeona? Hivi ndivyo ndugu wanavyokuja! Mpokeeni! Nani anampokea huyu mama?"

Wanafunzi wawili wakamkimbilia na karatasi. "Pole sana mama. Tupe jina la ndugu yako tumtafute kwenye orodha." Wakamwekea mkono begani, pande zote mbili, kama kwenye kitabu. Naye akawa anawasukuma, akisema huyu hapa, huyu hapa, orodha ya nini, nao wakazidi kuwa wapole kwa sauti ileile waliyoifanyia mazoezi.

Fundi aliketi. "Mama, mimi mzima. Mama, nitazame."

Nami nikaenda. Nilimshika kiwiko kama tulivyofundishwa, nikashusha sauti kama tulivyofundishwa, nikamwambia, "Mama, nakuelewa. Wenzangu wanafanya kila linalowezekana."

Akanitazama. Macho yake yalikuwa yamejaa, na midomo inatetemeka.

"Unanielewa?" akauliza.

Nilichowaza ni hiki, na sitakuficha. Niliwaza, lo, mama mkwe ana kipaji. Kisha nikarudi kazini.

Wekundu walipokwisha kuondolewa wote, nikachukua shuka na kurudi kwa wale wa utepe mweusi, maana ndivyo kazi inavyotaka. Nilikuta nyasi zimelala mahali alipokuwa Fundi, na utepe wangu umetupwa hapo.

"Maiti yako imeondoka na mama yake," Sekunde akasema, na darasa zima likaangua kicheko. Nami nilicheka. Baadaye alinisifu mbele ya wote, akasema kama nisingempita yule wa utepe mweusi, mama wa paja angekufa, na kwamba siku yeye mwenyewe akianguka barabarani angependa nimfikie mimi. Nilivimba kichwa. Nikampigia Fundi simu nimsimulie. Haikupokelewa. Nikapiga tena, ikawa imezimwa.

Saa kumi na moja jioni nilimfuata kwenye karakana yake. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya friji kubwa la bucha, bisibisi mkononi, na hakuinuka.

"Mama hajala tangu mchana," akasema.

"Kwani alikuwa... Fundi, alikuwa analia kweli?"

"Ulidhani anaigiza?"

"Kila mtu alidhani anaigiza!"

"Wewe si kila mtu."

Nikavuta kreti nikaketi. Yeye akaendelea kufungua skrubu moja ambayo ilikuwa imeshafunguka.

"Baba alikufa kwenye ajali ya basi," akasema. "Hilo unalijua."

"Najua."

"Hujui lote. Waliwapeleka hospitali wakiwa wengi, vitanda vikajaa, wengine wakalazwa kwenye mabenchi ya korido. Jirani yetu alikuwa kwenye basi lilelile, alikaa sakafuni karibu na baba. Akaja kumwambia mama alichoona. Nesi alikuja, akamgusa baba shingoni, akainuka, akapita kwenda kwa mwingine. Basi. Mama amekaa na hilo neno miaka kumi na minane. Alipita. Nilipokuwa mtoto, akikasirika, hilo ndilo alilokuwa analisema akiwa peke yake jikoni. Alimpita mume wangu."

"Hukuwahi kuniambia."

"Hatulizungumzi."

"Fundi, mimi nesi! Mimi nakuja kuolewa kwenu, na hamkuona la kuniambia?"

"Ulitaka nianzeje? Habari ya asubuhi, mama yangu anawaogopa wenzako?" Akaweka bisibisi chini, hatimaye akanitazama. Ana macho ya upole Fundi, hata akikasirika huwa kama anaomba radhi. "Amesema Jumapili wazee hawaji. Amesema hawezi kuwa na mkwe anayepita watu."

Niliinuka kwenye kreti.

"Sikiliza," akasema, akasogea, akanishika mikono kwa vidole vyenye grisi. "Hajafunga mlango kabisa. Nenda kesho. Mwombe radhi. Mwambie ulikosea. Mwambie ingekuwa ni mimi kweli, usingenipita."

"Nisingekupita?"

"Ndiyo. Basi. Maneno machache tu."

"Hayo ni uongo."

Akaniachia mikono.

"Ungenipita?"

"Ningekupita."

"Hivihivi? Bila hata kusita?"

"Nikisita, yule mama mwenye paja angekuwa—"

"Sikuulizi habari za paja la mtu! Nakuuliza mimi na wewe!"

"Nami nakujibu mimi na wewe." Nikafuta grisi mikononi. "Nakupenda mpaka wakati mwingine nakasirika. Nikikaa darasani naandika jina lako pembeni ya daftari kama msichana wa miaka kumi na minne, na mimi nina ishirini na sita, ni aibu. Ungekuwa umekufa kweli, sijui ningeishije. Lakini ningekupita, Fundi. Ningempa yule mwenye pumzi mikono yangu. Halafu..."

"Halafu nini?"

"Halafu sijui. Ningerudi kwako."

Nje mtu alikuwa anauliza bei ya feni, Fundi hakumjibu.

"Watu wanadanganya kila siku kwa ajili ya ndoa," akasema mwishowe. "Wanadanganya umri, wanadanganya kazi. Mimi nakuomba uongo mdogo, wa kumtuliza mama wa watu."

"Halafu kila nikivaa sare yangu anitazame akiamini kitu ambacho hakipo?"

"Sitaki kuchagua kati yenu."

"Sijakuambia uchague."

"Lakini unanichagulisha," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakunisindikiza.

Mama yangu mzazi, nilipompigia simu, alikuwa na dawa yake tayari. "Mwanangu, ulimi hauna mfupa, na wako hauna hata breki. Nenda ukaombe radhi ya jumla. Sema, mama nimekosa, nisamehe. Ukomee hapo. Usianze kulichambua kosa moja moja kama mchele."

Niliahidi. Usiku huo nilikariri kabisa. Mama nimekosa, nisamehe.

Kesho yake, baada ya vipindi, nilikwenda. Chumba chake cha kushonea ni cha mbele, chenye cherehani mbili, moja nzima na moja ya kuazima vipuri. Rundo la mashati meupe ya shule lilifika kiunoni, yote bila vifungo. Fundi alikuwa amesimama kwenye mlango wa ndani. Tukatazamana kidogo tu, tukaangalia pembeni wote wawili. Alikuwa hajanyoa ndevu, na nilitamani kumgusa shavu kuliko nilivyotamani kitu chochote wiki ile.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Siku zote huongeza mwanangu. Siku hiyo hakuongeza. Cherehani ikaendelea kukimbia.

"Mama, nimekosa. Nisamehe."

"Umekosa nini?"

Hapo ndipo dawa ya jumla ilipokwama.

"Nimekosa neno. Nilimwita mwanao marehemu. Sisi tunataniana hivyo, lakini halikuwa la kutamka pale, tena mbele yako."

"Uchuro mtupu."

"Ni kweli, mama."

"Mtoto wangu mmoja, niliyebaki naye. Unamchuria mchana kweupe." Akakata uzi kwa meno. "Na nini kingine?"

"Ulikuwa unalia, nikadhani unaigiza. Nilikushika kiwiko kwa ufundi wa darasani. Nilikuambia nakuelewa, na sikuwa nakuelewa hata kidogo. Wengine walikuwa hawakujui, mimi nilikuwa nakujua. Hilo, mama, ndilo limeninyima usingizi."

Cherehani ikasimama. Alishika gurudumu kwa kiganja, akawa analitazama.

"Na nini kingine?" akauliza, polepole.

Fundi alikohoa mlangoni. Nilikijua kile kikohozi. Mahali pa uongo mdogo palikuwa hapo, pamefagiliwa, pananisubiri. Nilimtazama. Macho yake yalikuwa yananisihi waziwazi, na nikaona Jumapili yetu yote ndani yake, wazee wamevaa, mama yangu anahangaika na viti vya kuazima, mimi nimejificha chumbani nikisikiliza nikitajwa. Nilikuwa nimemsubiri mwanamume huyu miaka mitatu.

"Hakuna kingine, mama."

"Na kumpita?"

"Kumpita sikukosea."

"Mama, anachotaka kusema ni kwamba—" Fundi akaanza.

"Nimekuuliza wewe?"

Mama aligeuza kiti akanielekea. Ilikuwa mara ya kwanza kunitazama tangu niingie. "Unajua mume wangu alikufaje."

"Jana ndiyo nimejua."

"Basi nitakuuliza, na usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Yule nesi, baada ya kumgusa shingo na kumwacha, alikwenda wapi?"

"Kwa mtu aliyekuwa bado anapumua."

"Kwa nini asikae naye? Hata kidogo? Mtu anakufa kwenye benchi kama mzigo."

"Kwa sababu mikono ni miwili, mama. Na waliobaki walikuwa wengi."

"Na kama alikosea? Kama mume wangu alikuwa na pumzi ndogo, yeye hakuisikia?"

Swali hilo hata Sekunde hatuulizi.

"Inawezekana. Tunakosea. Ndiyo maana huwa tunarudi."

"Mnarudi wapi?"

"Kwa tuliowapita. Wasioweza kusubiri wakishaondolewa wote, unarudi kwa wale wa utepe mweusi, mmoja mmoja. Unamwangalia upya. Ukimkuta ana pumzi, unamchukua. Ukimkuta amekwisha kufa, unamfumba macho, unamnyoosha, unamfunika. Hata jana nilirudi na shuka, mama. Nilikuta umeshamchukua."

Aligeuka kumtazama mwanawe, kana kwamba anamuuliza kama ni kweli, kisha akanirudia mimi.

"Sikujua kama huwa mnarudi," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Hakuna aliyewahi kuniambia. Na yule alirudi?"

Nakuapia, neno ndiyo lilifika hadi kwenye meno. Lingekuwa sadaka. Lingemponya, lingeniozesha, na hapana mtu duniani angeweza kunisuta. Fundi alikuwa ameacha hata kupumua, marehemu wa kweli safari hii.

"Sijui, mama."

"Hujui."

"Sikuwepo. Natamani kukuambia alirudi. Natamani sana. Lakini sijui."

Mama alichukua shati moja kutoka kwenye rundo, akatafuta tundu la kifungo kwenye kola, akawa analipapasa kwa kidole gumba. Nilidhani amenimaliza. Nilianza kutafuta mkoba wangu sakafuni, machozi yananipofua, nikiwaza nitamweleza nini mama yangu na viti vyake.

"Lile shati nilimshonea mimi," akasema.

Nikaacha mkoba.

"Alilokuwa amevaa siku ile. La bluu. Nilikuwa ndiyo nimeanza kazi, matundu ya vifungo yalikuwa bado yananishinda. La juu nililikosea, likatoka dogo, ukitaka kulifunga ni lazima mikono miwili na subira. Naye alikuwa na shingo nene kama ya huyu." Akamwonyesha Fundi kwa kidevu. "Hakuwahi kulifunga. Hata siku ya harusi ya mdogo wangu nilimbembeleza, akakataa, akasema unataka kunikaba."

Alitabasamu kidogo, halafu tabasamu likapotea.

"Nilipofika kwenye lile benchi, vifungo vyote vilikuwa vimefungwa. Mpaka cha juu."

Fundi alisogea hatua moja kutoka mlangoni.

"Nilikasirika. Nikasema ona, wameshindwa kumtibu, sasa wanamkaba. Nikakifungua." Kidole gumba kilikuwa bado kwenye kola. "Nilikifungua ili apumue. Mtu alikuwa ameshapoa, na mimi nakifungua apumue."

Mimi hapo nililia bila aibu. Yeye hakulia. Alikuwa anafikiri, uso umekunjamana, kama mshonaji anayetafuta mahali pindo lilipoanzia kwenda upande.

"Alikuwa bado hajapelekwa popote," akasema. "Alikuwa palepale kwenye benchi. Jirani alikuwa amevunjika mikono yote miwili, tena walishampeleka kufungwa plasta, hakuwa yeye. Na lile tundu haliingii kifungo kwa haraka. Najua mimi, nililishona mimi." Akaliweka shati mapajani, akalinyoosha kwa viganja, mara moja, mara mbili. "Kuna mtu alikaa pale. Alikaa akahangaika na lile tundu mpaka likakubali. Miaka kumi na minane namlaani mtu aliyemfunga mume wangu shati vizuri."

"Mama," Fundi akasema. Alikuja akapiga magoti kando ya cherehani, akamlalia mama yake begani, dume zima. Mama akamshika kichwa.

Nilitaka kuondoka niwaache. Nilikwisha kuinuka.

"Unakwenda wapi? Sijamaliza," akasema mama, bila kuniangalia. Kisha akamsukuma mwanawe kidogo. "Na wewe inuka, unanilowesha kitambaa cha watu. Wapigie wajomba zako. Jumapili iko palepale."

Fundi aliinua uso. Nami niliketi tena.

"Usifurahi upesi," akaniambia. "Nina sharti."

"Sema, mama."

"Ningeweza kuletewa msichana wa kuniambia nilichotaka kusikia. Wapo, tena wazuri kukuzidi." Akavuta pumzi. "Siku ikitokea kweli, Mungu apishe mbali, mwanangu amelala pale na mimi nimelala pale, mpite. Nipite na mimi. Nenda kwa wenye pumzi, ufanye kazi yako, usitutazame. Nimekupa ruhusa. Lakini ukirudi, usianze na mimi kwa kuwa ni mtu mzima, ukaona ni heshima. Anza na yeye."

Mimi mwenye mdomo wangu wote, nikatikisa kichwa kukubali, mara nyingi kuliko inavyohitajika.

Fundi ndiye aliyenijibia. Aliinuka, akaja akanishika mkono mbele ya mama yake, jambo ambalo hakuwahi kuthubutu.

"Atarudi, mama," akasema. "Huyu namjua. Atarudi."